Kuhama kutoka Android hadi iPhone

Salio la M-Pesa hukaa kwenye laini, si kwenye simu, kwa hiyo mkazi wa Eldoret anayehamia iPhone hapotezi hata senti. Kinachopotea kwa urahisi ni mazungumzo ya WhatsApp. Tangu 2022 yanahamishika kwa programu ya Move to iOS, mradi iPhone iwe mpya au imefutwa kila kitu kwanza. Uhamisho hufanywa kabla ya kuanza kuitumia. Simu ya zamani isiuzwe mpaka picha na namba zote zihakikiwe. Programu zilizonunuliwa kwenye Android hulipiwa upya. Kuhusu wakati wa kununua, Apple kwa kawaida huzindua matoleo makuu ya iPhone Septemba, na ya mwaka uliotangulia hushuka bei. Anayezunguka madukani Barabara ya Uganda mjini Eldoret mwezi Agosti ni heri asubiri.