Hopsi Nzima au Vidonge: Mwongozo kwa Anayetengeneza Bia Nyumbani

Sheria ya Marekani iliyotiwa saini mwaka 1978 humruhusu mtu mzima kutengeneza bia nyumbani bila kulipa kodi, mradi iwe kwa matumizi yake na ya jamaa zake. Kiwango ni galoni 100 kwa mwaka katika nyumba yenye mtu mzima mmoja, na galoni 200 penye watu wazima wawili au zaidi. Kuiuza bia hiyo hakuruhusiwi, na majimbo yanaweza kuwa na masharti yao ya ziada. Mahitaji makuu ni manne: maji, kimea cha shayiri, hamira na hopsi. Hopsi ndiyo humtatiza mnunuzi mgeni, kwa kuwa huuzwa kwa sura mbili na kwa bei zisizolingana.

Hopsi ni nini

Hopsi ni maua ya mmea utambaao, yenye umbo la tunda dogo la msonobari. Nchini Marekani hulimwa kwa wingi katika bonde la Yakima, jimbo la Washington, na huvunwa mwishoni mwa Agosti na katika Septemba. Ndani ya ua mna unga wa manjano wenye vitu viwili vyenye faida: asidi za alfa, ambazo zikichemshwa kwa muda wa saa moja hivi huipa bia uchungu; na mafuta yenye harufu, ambayo hupotea upesi kwa mvuke. Ndiyo sababu hopsi ya uchungu hutiwa mwanzo wa kuchemsha, na ya harufu hutiwa mwishoni.

Hopsi nzima

Haya ni maua yaliyokaushwa na kushindiliwa bila kusagwa. Baadhi ya wauzaji huyaita majani, lakini ni maua. Sifa yake ni kwamba huelea na kushikamana, hivyo ni rahisi kuyachuja. Tena mnunuzi huweza kuyaona, kuyafikicha na kuyanusa. Kasoro zake ni tatu. Huchukua nafasi kubwa katika jokofu. Hunywa bia nyingi, ambayo hutupwa pamoja na machicha. Na hewa huyapenya kwa urahisi, hivyo huchakaa mapema.

Vidonge

Vidonge ni maua hayohayo, yaliyosagwa kisha kushindiliwa kama chakula cha sungura. Havina dawa ya ziada, na si bidhaa duni kama wengine wanavyodhani. Kwa kuwa vimesagwa, hutoa uchungu wao kwa wepesi zaidi. Kwa kawaida hukadiriwa kwamba hopsi nzima ya gramu 30 yaweza kubadilishwa na vidonge vya gramu 27. Huhifadhika vizuri na hupimika kwa urahisi. Kasoro yao ni kwamba huyeyuka na kuwa tope laini lipitalo katika chujio la kawaida. Dawa yake ni mfuko wa kitambaa chepesi, au kuiacha bia itulie mahali pa baridi hadi tope lizame.

Soma pakiti kabla ya kutazama umbo

Hasara kubwa ya mnunuzi haitokani na kuchagua umbo hili badala ya lile, bali na kununua hopsi iliyochakaa. Kabla ya kulipa, chunguza mambo yafuatayo:

1. Mwaka wa mavuno. Pakiti isiyotaja mwaka haimpi mnunuzi njia ya kujua umri wa bidhaa.

2. Kufungwa. Pakiti iwe imezibwa barabara, hewa imetolewa, na iwe imewekwa mahali pa baridi. Hopsi iliyokaa wazi kwenye rafu yenye joto haifai hata kwa bei ya chini.

3. Kiwango cha asidi za alfa. Tuseme maelekezo yanataka gramu 30 za hopsi yenye asilimia 6, na dukani ipo yenye asilimia 12. Gramu 15 zitatosha kwa uchungu uleule. Kwa hiyo, pakiti yenye bei kubwa zaidi huenda ikawa ndiyo rahisi. Hesabu hii ni ya uchungu tu. Kwa harufu, ubichi wa bidhaa na aina yake ndivyo vya kuzingatia.

4. Rangi na harufu. Hopsi njema ni ya kijani na hunukia. Ikiwa ya kahawia, au ikinuka kama jibini iliyooza, irudishe kwa muuzaji pamoja na stakabadhi.

Ukishaifungua pakiti, toa hewa, izibe na uiweke katika friza.

Tahadhari kwa wenye mbwa

Hopsi ni sumu kwa mbwa, iwe nzima au vidonge, iwe kavu au machicha yaliyokwisha kuchemshwa. Mbwa aliyeila huhema kwa nguvu, moyo humwenda mbio, na joto la mwili hupanda kiasi cha kumuua katika muda wa saa chache. Machicha yatupwe katika pipa lenye kifuniko kinachofunga, wala yasimwagwe bustanini. Ukishuku kwamba mbwa amekula, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, bila kusubiri dalili.

Kwa muhtasari

Anayeanza, mwenye jokofu dogo na asiyetengeneza bia mara kwa mara, atapata faida zaidi kwa vidonge. Mwenye sufuria iliyowekewa chujio, aliye karibu na muuzaji wa mavuno mapya, anaweza kuchagua hopsi nzima bila hasara. Pakiti mbili zikigongana, chagua iliyo mpya na iliyofungwa vema, umbo lolote iwalo.