Miguu Inayonuka na Vishimo Kwenye Nyayo: Si Uchafu, na Si Kuvu Kila Mara

Mvua ikianza, wengi wetu huvaa gambuti alfajiri na kuzivua jioni. Mchumaji majani chai, mkamuaji ng'ombe, muosha magari, mlinzi wa usiku na hata mwanafunzi mwenye viatu vyeusi vya plastiki, wote nyayo zao hushinda ndani ya jasho. Viatu vikivuliwa, harufu hujaza chumba. Wapo wanaokataa kuingia nyumba za watu kwa kuogopa kuambiwa wavue viatu mlangoni.

Nami nimekuwa mmoja wao. Msimu mmoja wa mvua nilishinda wiki kadhaa katika gambuti nikifuatilia ujenzi wa barabara, hadi nikawa naacha soksi nje ya mlango. Nilinunua dawa ya kuvu dukani, nikapaka, ikaisha, nikanunua nyingine. Miezi mitatu ilipita hivyo. Hatimaye afisa wa kliniki aliniambia nivue soksi, jambo ambalo hakuna aliyeniuza dawa aliyewahi kuniambia. Aligeuza unyayo kuelekea dirishani akanionyesha vishimo vidogo kwenye kisigino na chini ya vidole, kana kwamba mtu alinidunga kwa sindano. Shida yangu haikuwa kuvu.

Ugonjwa huo wa vishimo huitwa keratolisisi, na huletwa na bakteria. Nyayo zina tezi nyingi mno za jasho, ingawa jasho lenyewe halina harufu kubwa. Ngozi ikilowa kwa saa nyingi hulainika na kuwa nyeupe, kama mikono ya mtu aliyefua kutwa. Hapo bakteria huongezeka na kutoa vimeng'enya vinavyomumunya safu ngumu ya juu. Vishimo ndiyo alama ya mahali walipokula, na uvundo hutokana na gesi zenye salfa, jamaa ya ile ya yai bovu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuoga mara mbili kwa siku na bado akanuka. Mzazi, usimgombeze mtoto kwamba ni mchafu kabla hujatazama nyayo zake.

Kuvu ina sura nyingine. Mara nyingi huwasha, na huanzia kati ya kidole kidogo na jirani yake, ngozi ikiwa nyeupe na kubanduka. Aina nyingine hukausha unyayo mzima na kuufanya utoe unga mweupe hadi ubavuni mwa mguu. Hii watu hudhani ni magaga, wakaisugua kwa jiwe miaka nenda rudi. Vishimo kwa kawaida haviwashi, lakini vinaweza kuuma ukitembea sana. Mguu mmoja unaweza pia kubeba magonjwa yote mawili, kwa hivyo ni bora mhudumu wa afya autazame, na ikibidi akwangue ngozi kidogo ipimwe kwa hadubini.

Vishimo hutibiwa kwa dawa ya kupaka inayoua bakteria, na kwa wengi ngozi hurejea baada ya wiki tatu au nne. Kuvu huhitaji dawa yake, kama vile klotrimazoli au malhamu ya Whitfield, na kosa kubwa ni kuacha kupaka pindi mwasho unapokoma. Malizia muda wote ulioambiwa. Kuvu iliyoenea unyayo mzima au kuingia kwenye kucha huenda ikahitaji vidonge, ambavyo ni lazima uandikiwe.

Jihadhari na krimu za mchanganyiko zenye steroidi. Siku za kwanza hutuliza mwasho na ukafurahi, kumbe kuvu inasambaa chini kwa chini. Usikwangue nyayo kwa wembe, na dawa ya kung'arisha nguo ibaki kwenye nguo.

Hata dawa nzuri haitashinda kiatu kibichi. Osha miguu kwa sabuni kila jioni, kisha ikaushe kwa taulo yako mwenyewe, hasa kati ya vidole. Usipake mafuta mazito hapo katikati. Soksi ziwe za pamba na zibadilishwe kila siku. Mwenye gambuti abebe jozi ya pili ya kuvaa mchana. Ukiweza kupata viatu jozi mbili, vipokezane ili kila kimoja kipumzike siku nzima. Gambuti zigeuzwe juu ya vijiti uani jua likiwaka, na usiku zijazwe magazeti makavu yanyonye unyevu. Hata jarida hili linafaa, ukishalisoma. Nyumbani vaa malapa, na usiazimane viatu.

Mwenye kisukari asijaribu dawa za dukani hata kidogo. Ufa mdogo usioumia unaweza kugeuka kidonda kinachohatarisha mguu. Vilevile yeyote anayeona uvimbe, wekundu unaopanda, usaha au homa aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wengine mnaweza kuanzia zahanati iliyo karibu. Beba mirija ya dawa zote ulizokwisha kupaka, hata zile tupu, na uende na viatu unavyofanyia kazi. Mhudumu asipokuambia uvue soksi, vua mwenyewe.