Wafundishe watoto mapafu kwa chupa na puto

Kama wewe ni mwalimu hapa Kombewa, tafuta chupa tupu ya plastiki. Kata kitako. Ingiza puto ndani kupitia mdomo wa chupa, ulikunje juu ya mdomo huo, kisha wamba kitako kwa kipande cha puto jingine na ukifunge pasipite hewa. Mtoto akivuta kipande hicho chini, puto la ndani hujaa, akikiachilia, hunywea. Kiwambo kilicho chini ya mapafu hufanya vivyo hivyo.

Halafu wachore jiko la nyumbani, moshi wa kuni na anayekaa karibu nao. Mara nyingi atakuwa mama, na mtoto mgongoni. (Usiwalaumu wazazi, kuni ndizo zilizopo.) Moshi huo humzidishia mtoto mchanga hatari ya nimonia. Mwanafunzi aweza kumbeba mdogo wake nje chakula kinapopikwa.

Mwishowe wahesabu pumzi kwa saa, dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi akiwa ametulia, au kifua kikibonyea ndani, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, hata kama hana homa.