Mshauri wa ujumuishi: tumlipe?

Swali: Bodi ya makumbusho yetu ya sanaa, Marekani, inataka kumlipa mshauri wa ujumuishi. Si kupoteza fedha?

Jibu: Inategemea mnampa kazi gani. Utafiti wa taasisi ya Mellon wa 2015 ulikuta asilimia 84 ya wasimamizi wa makusanyo, wahifadhi, waelimishaji na viongozi wa makumbusho ya sanaa nchini humo walikuwa Wazungu. Walinzi na wasafishaji walikuwa mchanganyiko zaidi. Semina ya siku moja haizibi pengo hilo, na wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev wameonyesha kuwa mafunzo ya lazima ya ujumuishi hayaongezi sana mameneja kutoka makundi yaliyoachwa nyuma. Mtasema waombaji wenye sifa hawapo. Lakini nani anazipata sifa hizo, ikiwa mafunzo kazini hayalipwi na kijana maskini lazima alipe kodi ya nyumba? Mshauri akague mafaili ya ajira na mishahara. Bodi ikimficha mafaili hayo, msimlipe.