Kadi ya Chanjo na Nafasi ya Mtoto Shuleni



Mwaka wa shule unapoanza hapa Uganda, mzazi anayempeleka mtoto darasa la kwanza huulizwa mambo mengi: sare, madaftari, pesa ya hiki na pesa ya kile. Somo letu ni juu ya karatasi moja tu, ile ambayo wengi wetu huitafuta chini ya godoro siku ile ile ya kuandikisha. Ni kadi ya chanjo.

Kadi hii haikubuniwa na mwalimu mkuu ili kuwasumbua watu. Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake amepata chanjo zilizopangwa na serikali. Inataka pia kadi ionyeshwe mtoto anapoingizwa shule ya kulelea watoto, chekechea au shule ya msingi. Mzazi anayekaidi anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi miezi 6. Wapo wanaume kambini wanaosema kadi ni kazi ya mama watoto. Sheria haikumtaja mama peke yake. Mzazi ni mzazi.

Sasa tuisome kadi yenyewe. Kila chanjo ina nafasi yake ya kuandika tarehe. Mtoto akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huacha kovu dogo juu ya mkono wa kulia, pamoja na matone ya kwanza ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hurudishwa kwa ajili ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na nimonia, na matone tena. Mwezi wa 9 ni surua, na tangu 2022 homa ya manjano pia. Mwaka huo huo iliongezwa chanjo ya pili ya surua katika mwezi wa 18. Kuanzia Aprili 2025 chanjo ya malaria nayo inatolewa katika wilaya nyingi: miezi ya 6, 7, 8 na 18. Zote ni bure katika vituo vya serikali.

Hapa ndipo tunapoomba kila mmoja achukue kalenda. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, kwa mshahara kamili. Kwa sisi tunaofanya kazi siku 6 kwa wiki, siku 60 ni wiki 10. Mama aliyeianza likizo yote siku ya kujifungua atakuwa anarudi shambani wiki ile ile ya chanjo ya wiki ya 10. Ya wiki ya 14 itamkuta na jembe mkononi. Miezi ya 6, 7, 8, 9 na 18 vivyo hivyo. Hizo ni siku 6 baada ya likizo kwisha, na kila moja ni siku ya kazi. Na yule aliyelazimika kuanza likizo kabla ya kujifungua, maana sheria inadai wiki 4 tu zibaki baada ya uzazi, huenda akazikosa hata zile za mwanzo.

Baba naye ana siku 4 tu za likizo, ambazo huisha kabla kitovu hakijapona. Kibarua wa kukata miwa anayelipwa kwa kipande, aliyeletwa na mkandarasi, siku asiyokata hapati kitu. Kwa hiyo mwalimu anapoona nafasi tupu kwenye kadi na kumwita mzazi mzembe, mara nyingi anachokitazama ni ratiba ya mnyapara.

Ndiyo sababu jambo hili ni la chama. Katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, matawi yadai siku za kliniki zenye malipo, kwa mama au kwa baba, zikithibitishwa na tarehe iliyo kwenye kadi. Pale ambapo shamba lina zahanati yake, itakiwe kuchanja siku ambayo vibarua hawako shambani, au baada ya saa za kazi. Kwa mwajiri gharama ya siku 6 katika miezi 18 ni ndogo, na hesabu hiyo ataielewa akiwekewa mezani.

Mtoto aliyekosa chanjo asifichwe. Mrudisheni kliniki, muuguzi huendelea pale alipoishia bila kuanza upya. Msidanganyike na wino wa kidoleni uliopakwa siku za kampeni ya polio. Wino hufutika na mwalimu hausomi. Chanjo za kampeni ni nyongeza, hazijazi nafasi zilizo wazi kwenye kadi.

Jambo jingine. Shule ikidai habari za afya, haina ruhusa ya kumkataa mtoto kwa sababu ana virusi vya Ukimwi. Sheria ya mwaka 2014 inakataza. Likitokea, msinyamaze, mwambieni mwakilishi wenu wa chama.

Na kadi ikipotea je? Wenzetu wengi wametoka West Nile kuja mashamba ya miwa, wakahama kambi mara mbili tatu, nyumba zikavuja, kadi zikaloa. Usinunue kadi mpya mtaani na kujaza tarehe za kubuni. Kituo kilichomchanja mtoto hubaki na rejista yenye jina lake, namba yake na tarehe za chanjo, na kutokana nayo kadi nyingine huweza kuandikwa. Lakini rejista ni nene na watoto ni wengi, kwa hiyo muuguzi atahitaji jina la kituo, mwezi na namba. Leo jioni, kadi ikiwa bado ipo, nakili hayo matatu kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho chako cha kazi.