Si kila kikohozi ni kifua kikuu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba! Hapa kwetu, Butembo na Beni, mtu akikohoa wiki tatu na kukonda, majirani husema ni T.B. Mara nyingi ni kweli, zaidi kwa mtu anayevuta vumbi la mawe kazini. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo: limfoma, yaani saratani ya tezi.

LIMFOMA NI NINI?
Tezi ni askari wa mwili. Ziko shingoni, kwapani, kwenye kinena na hata katikati ya kifua. Saratani ikiziingia zinavimba, kwa kawaida bila kuuma. Haiambukizi. Aina moja inayoshika watoto, na kuvimbisha taya au tumbo, ilielezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala.

INAGUSAJE MAPAFU?
Tezi za kifuani zikikua hubana njia ya hewa: mgonjwa anakohoa na kukosa pumzi. Zikibana mshipa mkubwa wa damu, uso na shingo huvimba. Pengine maji hujaa kando ya pafu. Mara chache sana huwa meupe kama maziwa. Homa na jasho la usiku huwapo pia, sawasawa na T.B.

INAJULIKANAJE?
Kwanza makohozi yanapimwa. Picha ya radio huonyesha uvimbe, lakini haisemi jina lake. Jibu hutoka katika kipande cha tezi: munganga anakikata, kinatazamwa kwa darubini. Ni operesheni ndogo, usiiogope.

UFANYE NINI?
1. Usiache dawa za T.B. kwa shauri lako. Lakini miezi miwili ikipita bila nafuu, au tezi zikizidi kukua, rudi kwa munganga umwulize juu ya kupima tezi.
2. Usijinunulie deksametazoni wala prednisoloni. Tezi hupungua kwa muda, na darubini inaweza kukosa ugonjwa.
3. Tezi isichanjwe kwa wembe.
4. Uso ukivimba au pumzi ikikatika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Limfoma nyingi hutibika, na nyingine hupona kabisa, zikijulikana mapema. Mama, unapomwosha mtoto, papasa shingo na kwapa. Nawe baba, jipapase mwenyewe unapooga baada ya kazi. Tezi isiyouma ikikaa mwezi mzima bila kurudi, njoo dispensari.