Je, Mgeni Humnyang'anya Mwenyeji Kazi?



Miongoni mwa maneno yasemwayo sana katika nchi nyingi ni haya: "Wageni wametunyang'anya kazi." Husemwa sokoni, husemwa bungeni, na aghalabu husemwa na mtu ambaye kweli hana kazi na watoto wake hulala na njaa. Kwa hiyo si neno la kuchekwa. Lakini pia ni shtaka, na kila shtaka huhitaji ushahidi. Likiwa si kweli, asiye na kosa hudhulumiwa, na mwenye njaa hubaki na njaa yake, kwani ametibiwa kwa dawa isiyo ya ugonjwa wake. Basi na tulitazame jambo hili kwa hoja, si kwa hasira.

Msingi wa dai hili

Wasemao hivyo hudhani kwamba kazi katika nchi ni kama mkate mmoja: akiongezeka mlaji, fungu la kila mtu hupungua. Lakini mgeni haji na mikono tu, bali huja na tumbo pia. Hula, hupanga nyumba, hununua viatu na hupanda basi. Na kila anachokilipia ni kazi ya mtu mwingine. Tena mwenye mali, aonapo kwamba wafanyakazi wapo, huweza kufungua karakana ambayo asingeifungua. Na mgeni asiyejua lugha ya nchi akishika kazi ya mikono, mara nyingi mwenyeji aijuaye lugha husogea kwenye kazi ya kusimamia au ya kuhudumia wateja.

Hata hivyo, hizo ni hoja za akili. Yatupasa kutazama yaliyotukia.

Ushahidi wa mji wa Miami

Mwezi wa Aprili 1980 serikali ya Cuba ilitangaza kwamba atakaye kuondoka aweza kupitia bandari ya Mariel. Katika muda wa miezi michache watu wapatao 125,000 walivuka bahari kwa mashua na kuingia Marekani, na karibu nusu yao walikaa katika mji wa Miami. Wafanyakazi wa mji huo waliongezeka kwa kadiri ya asilimia 7 kwa ghafla, na wengi wa hao wageni hawakuwa na elimu kubwa.

Kama mfano wa mkate ungekuwa kweli, ujira wa maskini wa Miami ungalianguka na ukosefu wa kazi ungalizidi. Mwaka 1990 mtaalamu wa uchumi David Card alitangaza matokeo ya uchunguzi wake. Aliulinganisha Miami na miji mingine minne ya Marekani, nayo ni Atlanta, Houston, Los Angeles na Tampa. Hakuona kwamba wageni hao walipunguza ujira wa wenyeji wenye elimu ndogo wala kuwazidishia ukosefu wa kazi, kwa kulinganisha na miji ile mingine. Mwaka 2021 Card alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi zake za namna hii.

Pingamizi na jibu lake

Mpenda haki hasikilizi upande mmoja. George Borjas wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwenyewe alizaliwa Cuba na kuhamia Marekani akiwa mtoto, alizichunguza upya hesabu hizo. Katika makala iliyochapishwa mwaka 2017 alisema kwamba tukiwatazama wanaume wasiomaliza shule ya sekondari peke yao, ujira wao ulishuka kwa asilimia 10 hadi 30. Wengine wakamjibu kwamba watu aliowahesabu walikuwa wachache mno, na kwamba namna ya kuwachagua watu wa kuhojiwa ilikuwa imebadilika wakati ule ule. Mjadala haujafungwa. Lakini angalia jambo moja: hata Borjas hakusema kwamba wenyeji wote waliumia. Alisema juu ya kundi moja, nalo ni la wanyonge wa mwisho.

Je, wageni wakiondolewa?

Tangu mwaka 1942 Marekani iliwaruhusu wafanyakazi wa Mexico kuja kulima na kuvuna kwa mkataba. Mpango huo ulifungwa mwisho wa mwaka 1964, kwa kutarajia kwamba ujira wa wenyeji mashambani utapanda. Wachumi watatu waliochunguza jambo hilo, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2018, hawakuona kwamba ujira ulipanda kwa sababu hiyo. Pale penye mashine, kama katika uvunaji wa nyanya, wenye mashamba walinunua mashine; pasipo na mashine, walipunguza kilimo cha mazao hayo. Mgeni aliondoka, na mwenyeji hakuipata kazi yake.

Ushahidi wa karibu nasi

Mwaka 1993 wakimbizi wa Burundi, na mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda, waliingia mkoa wa Kagera, Tanzania. Mwishoni mwa Aprili 1994 yakadiriwa kwamba watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja. Wachunguzi waliolinganisha hali za jamaa za Kagera kabla na baada ya hapo waliona mambo mawili kwa pamoja. Wenye mashamba walipata vibarua wa bei nafuu na wanunuzi wa mazao yao. Lakini mwenyeji aliyeishi kwa kibarua cha shambani alipata hasara, kwa kuwa mkimbizi alikubali ujira mdogo kuliko wake.

Funzo

Basi wasemao kwamba wageni huwanyang'anya wenyeji wote kazi, hawana ushahidi. Na wasemao kwamba hapana mwenyeji aumiaye hata kidogo, nao wamevuka mpaka. Faida huenea kwa wengi. Hasara, inapokuwepo, humwangukia kibarua ambaye hana akiba wala msemaji. Naye humkasirikia mgeni aliyepokea ujira mdogo, wala hamkasirikii aliyeutoa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikiapo shtaka hili, uliza: Ni kazi gani? Ni nani aliyeipoteza? Na ni nani aliyefaidika kwa tofauti ya ujira? Ukipata majibu, utaona kwamba wajibu wa kwanza ni kuwalipa wote wawili, mgeni na mwenyeji, ujira wa haki kwa kazi moja. Kwani mgeni asiyeweza kupunjwa hawezi kutumiwa kumpunja mwenyeji.